Tulikwenda Zanzibar na Mama Mkwe

Hebu hesabu safari ulizosafiri na mume wako tangu mlipofunga ndoa. Ni ngapi ambazo hazikuwa za msiba, za harusi wala za kumpeleka mtoto shule? Mimi nilipozihesabu zangu, baada ya miaka 22 ya ndoa, sikupata hata moja. Kwa hiyo nilipomwambia Baba watoto kwamba familia nzima iende Zanzibar kwa siku tatu, na mama yake mzazi akiwamo, alinitazama kama mtu aliyeambiwa auze nyumba. Lakini tulikwenda. Leo nataka kuwaeleza, akina mama wenzangu, mahali pa kulala katika Mji Mkongwe, mambo ya kuona, na kwa nini safari ile ilituponya jambo ambalo mimi kama muuguzi sikuwa na dawa yake.

Swali la shangazi

Mwanzoni mwa mwaka 2023 binti yetu mkubwa alipata mchumba. Washenga wakaja, wakakaribishwa, wakala, mazungumzo yakaanza vizuri. Katikati ya mazungumzo shangazi yake kijana akauliza swali ambalo huulizwa kila siku bila ubaya, "Ninyi upande wa baba, hasa ni watu wa kabila gani?"

Mume wangu akajibu, "Sisi ni watu wa Masasi."

Shangazi akacheka kidogo. "Masasi ni mahali, baba. Mimi nauliza kabila."

Kimya kikaingia sebuleni. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, akainuka akasema anakwenda kuangalia chai, na hakurudi. Wiki iliyofuata tukaletewa maneno kwamba huko kwa wenzetu imesemwa kuwa sisi ni uzao wa watumwa, na kwamba mambo ya posa yangoje kwanza.

Asubuhi ile nilipompima mama presha ilikuwa 190 kwa 110. Nilimpa dawa, nikamlaza, nikakaa naye. Usiku ndipo aliposema. Alikuwa na umri wa miaka 78, na mwanawe, ambaye ni mume wangu, alikuwa amepita miaka 50. Yote aliyoyasema mwanawe aliyasikia usiku ule kwa mara ya kwanza.

Alisema kwamba mama wa bibi yake alichukuliwa akiwa mtoto mdogo kutoka bara, sehemu za Nyasa, akapelekwa pwani, akapakiwa jahazini. Wazungu wa manowari walilikamata jahazi lile, na yeye akakabidhiwa wamisheni Zanzibar. Wakamlea, wakamfundisha kusoma. Alipokuwa msichana alivuka tena bahari pamoja na Askofu, wakatembea kwa miguu kutoka Lindi mpaka Masasi. "Bibi yangu ndiye aliyenieleza," alisema mama. "Akaniambia, yashike lakini usiyaseme, maana watu watakucheka. Nimeyashika zaidi ya miaka sitini."

Kisha akasema, "Nataka niuone mji huo kabla sijafa."

Dada yangu, kama una mkwe mzee nyumbani, unajua kwamba watu wa umri ule hawaombi vitu vingi. Tulianza kuweka akiba wiki ile ile.

Kabla hamjaondoka

Tulijiwekea akiba kwa miezi saba, kama watu wanavyochangia harusi. Binti yetu alileta sehemu ya mshahara wake, mimi nikatoa posho ya zamu za usiku, Baba watoto akasimamisha ujenzi wa ukuta. Hata kijana wetu wa miaka 12 alivunja kibubu chake. Nawashauri mfanye hivyo hivyo. Safari iliyochangiwa na wote hailalamikiwi na mtu.

Chagueni wakati. Miezi ya Juni hadi Septemba ina hewa nzuri, joto si kali na mvua si nyingi. Mvua za masika, hasa Aprili na Mei, hujaza maji vichochoroni. Katika mwezi wa Ramadhani, mgeni asiye Mwislamu naye anapaswa kujizuia kula na kunywa hadharani mchana. Kama mna wazee na watoto, ni vema kuchagua mwezi mwingine.

Kila mtu achukue kitambulisho. Kutoka Dar es Salaam boti za kasi huchukua muda wa kama saa mbili. Nunueni tiketi ofisini, wala msimpe fedha kijana anayewakimbilia barabarani.

Mama hakuwahi kupanda chombo cha baharini maishani mwake. Nilimkalisha sehemu ya chini, katikati kuelekea nyuma, ambako chombo hakiyumbi sana, nikamwambia atazame mbali mahali mbingu inapokutana na maji. Alikuwa amekula kidogo tu, mkate mkavu na chai ya tangawizi. Watu walitapika kulia na kushoto, yeye hakutapika. Tulipofika katikati ya bahari aliniuliza, "Kwa jahazi walikwenda siku ngapi?" Nikamwambia inategemea upepo. Akanyamaza, akavuta kanga yake mpaka kichwani.

Mahali pa kulala

Mji Mkongwe ni mdogo. Mtu mzima anaweza kuuvuka kwa miguu chini ya nusu saa, kama hakupotea. Lakini atapotea, kwa maana vichochoro vyake ni vingi na vyembamba, na magari hayaingii. Kwa sababu hiyo mahali mtakapolala ni jambo kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Kuna hoteli kubwa za ufukweni, upande wa Shangani, nyingi zikiwa ndani ya majumba ya zamani ya matajiri. Ni nzuri sana, na wakati ule bei zake zilitajwa kwa dola. Sisi tuliingia kimoja cha vyumba hivyo vya mapokezi, tukatazama dari, tukashukuru, tukatoka.

Kuna nyumba ndogo za wageni katika mitaa ya Malindi, Kiponda, Mkunazini na Vuga. Hizi ndizo za familia kama zetu. Palepale Mkunazini, katika uwanja wa Kanisa Kuu la Anglikana, kuna jengo la zamani la misheni liitwalo Mtakatifu Monika ambalo limekuwa likipokea wageni kwa muda mrefu. Pigeni simu mapema kuuliza nafasi. Wenye ndugu Ng'ambo, yaani ile sehemu ya mji iliyo nje ya Mji Mkongwe, watalala huko na kuingia mjini kwa daladala.

Popote mtakapochagua, ulizeni mambo haya kabla ya kulipa:

1. Je, kuna chumba cha chini? Nyumba za mawe zina ngazi za mwinuko mkali na giza. Mtu mwenye magoti mabovu au presha asipangiwe ghorofa ya tatu.

2. Je, kifungua kinywa kimo ndani ya bei?

3. Je, kuna feni, chandarua kisichotoboka na maji ya kutosha?

4. Je, hiyo ndiyo bei ya wenyeji? Mtanzania asione haya kuuliza. Mahali pengi, hata penye viingilio, bei ya mgeni wa nje na ya mwenyeji si moja.

Sisi tulipata vyumba viwili katika nyumba ya wageni karibu na Mkunazini. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, Mwislamu, makamo ya mama mkwe. Hamali alitubebea mizigo kwa mkokoteni kutoka bandarini, na huyo mama alitupokea mlangoni kwa maji ya kunywa kabla hata ya kutuuliza majina. Nitamrudia.

Siku ya kwanza: ufukweni

Siku ya kwanza msihangaike. Kutoka bandari ya Malindi, barabara ya Mizingani inafuata bahari, na vitu vikubwa vimejipanga hapo kimoja baada ya kingine. Mtu anaweza kuviona vyote kwa mwendo wa polepole, jua likiwa limepoa.

Cha kwanza ni Zahanati ya Zamani, nyumba yenye roshani za mbao zilizochongwa kama lesi. Tajiri wa Kihindi, Tharia Topan, aliweka jiwe lake la msingi mwaka 1887, lakini alifariki kabla haijakamilika. Mjane wake ndiye aliyesimamia kazi mpaka ikaisha mwaka 1894. Baadaye ghorofa ya chini ikawa zahanati, na daktari akawa anaishi juu. Kwa mimi muuguzi ilikuwa furaha kusimama pale. Nimefanya kazi katika majengo mengi ya afya, lakini sijaona jingine lililojengwa kwa mapambo namna ile.

Mbele kidogo kuna kasri la masultani, na baada yake Beit el-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883. Lilikuwa nyumba ya kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme, na hilo lilikuwa mojawapo ya maajabu yake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka wakati wa ukarabati, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Sisi tulilitazama kutoka nje. Kabla hamjapanga kuingia jumba lolote, ulizeni kwanza kama liko wazi.

Karibu yake iko Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwafukuza Wareno, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno hao. Ndani kuna uwanja wa maonyesho na maduka ya kazi za mikono. Kijana wetu alipanda na kushuka ngazi zake mpaka akachoka, jambo ambalo sote tulilishukuru.

Jioni tuliingia bustani ya Forodhani. Jua likizama, wauzaji huwasha taa na majiko. Kuna mishikaki, pweza, urojo, chapati za kujazwa nyama na mayai wanazoziita pizza ya Zanzibar, na juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Kwa usalama wa matumbo, chagueni chakula kinachopikwa mkiwa mmesimama hapo, kikiwa cha moto. Vyakula vya baharini vilivyokaa mezani tangu magharibi viacheni. Na ulizeni bei kabla ya kuonja.

Siku ya pili: Mkunazini

Asubuhi ya pili mama aliamka kabla ya adhana. Nilimkuta amevaa gauni lake la Pasaka, amekaa kitandani na mkoba mapajani.

Mkunazini ndipo palipokuwa soko kubwa la watumwa. Sultan Barghash, kwa kubanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kulifunga mwezi Juni mwaka 1873. Wamisheni wa Kianglikana wakaupata uwanja huo, na siku ya Krismasi mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Ibada ya kwanza ilifanyika humo Krismasi ya mwaka 1877. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, ambaye pia aliandika vitabu vya sarufi na hadithi za Kiswahili na kutafsiri sehemu kubwa ya Maandiko. Alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu.

Kwanza mtaona, nje, shimo lililojengewa kwa saruji, na ndani yake sanamu za watu watano wamefungwa minyororo shingoni. Zilichongwa na msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, mwaka 1998. Minyororo yenyewe ni ile ya kweli ya zamani. Nyuso zile hazilii. Zinatazama tu. Kijana wetu, ambaye tangu bandarini hakunyamaza, alinyamaza.

Chini ya jengo la Mtakatifu Monika kuna vyumba viwili vidogo, vya giza, ambavyo wageni huambiwa kuwa watumwa walifungiwa humo. Wako wataalamu wanaosema vyumba hivyo vilijengwa baadaye, pamoja na jengo la misheni. Iwe hivyo au sivyo, mtu akiinama na kuingia humo huelewa jambo ambalo hakulielewa vitabuni. Mama mwenye shida ya kupumua au hofu ya mahali pa kubana abaki juu. Palepale kuna maonyesho ya picha na maelezo ya biashara ile. Yasomeni taratibu, na watoto wapeni nafasi ya kuuliza. Kijana wetu aliuliza, "Waliowauza walikuwa Wazungu au Waarabu au sisi?" Baba yake alimjibu kweli, kwamba walikuwamo wa kila namna, na machifu wetu wengine walikuwamo pia.

Ndani ya kanisa kuna mambo ambayo mwongozaji atawaonyesha. Kuna nguzo fupi ambazo mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu wakati Askofu hayupo, naye aliporudi akaziacha hivyo. Kuna msalaba wa mbao za mti wa kijiji cha Chitambo, Zambia, ambapo moyo wa David Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Na mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru nyeupe sakafuni, mahali unapokumbukwa mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa viboko.

Mama alivua viatu. Hakuna aliyemwambia avue. Akasogea mpaka kwenye lile duara, akasimama pembeni yake bila kulikanyaga, akataja jina. Lilikuwa jina la mama wa bibi yake, si lile la ubatizo, bali lile alilokuwa nalo huko Nyasa kabla ya kuchukuliwa. Alilitaja mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeitika wito. Sitaliandika hapa, kwa kuwa ni la familia. Lakini mume wangu hakuwahi kulisikia, wala binti yetu. Mume wangu alitoka nje akakaa kwenye ukuta, nami nikamwacha akae. Sisi wake tunajua wakati wa kumfuata mtu na wakati wa kumwacha.

Alasiri tulimrudisha mama akapumzike, sisi tukaenda soko la Darajani, lililo hatua chache tu. Pale utapata karafuu, iliki, mdalasini na pilipili manga kwa bei nafuu kuliko maduka ya watalii. Chukueni vifurushi vidogo, ni zawadi nyepesi kwa kina mama wa jumuiya.

Jioni ile mwenye nyumba alileta uji wa mama. Akamkuta ameketi barazani, akamuuliza tumeona nini. Mama, ambaye kwa miaka sitini na kitu hakusema, akamwambia yote. Yule mwenye nyumba alisikiliza mpaka mwisho, akarekebisha mtandio wake, akasema, "Bibi, mji huu una nyumba nyingi zenye mtu wa namna hiyo. Hata hapa. Ila hatusemi." Wakaendelea kukaa wawili wale, Mwislamu na Mkristo, mpaka taa za uchochoroni zikawaka. Niliikumbuka habari ya Ruthu na Naomi, jinsi safari inavyoweza kuwaunganisha wanawake ambao damu haikuwaunganisha.

Siku ya tatu: Mbweni

Watalii wengi siku ya tatu huenda kisiwa cha Changuu, safari ya kama nusu saa kwa mashua. Kwa watoto ni pazuri. Wapo kobe wakubwa sana, kizazi cha wale walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Jengo liitwalo gereza lilijengwa mwaka 1893, lakini halikutumika kufunga wahalifu. Liligeuzwa kuwa karantini ya abiria wa meli, kwa kuhofia homa ya manjano. Baba watoto alimpeleka kijana huko asubuhi, wakarudi wamepigwa jua lakini wamefurahi.

Sisi wanawake watatu tulichukua gari kwenda Mbweni, kilomita chache kusini mwa mji. Wamisheni walinunua shamba hapo mwaka 1871, wakawaweka watu walioachwa huru. Ilikuwapo shule ya wasichana, iliyoongozwa kwa miaka mingi na Bi Caroline Thackeray kutoka Uingereza. Mabaki ya kuta za shule yapo mpaka leo, miti imeota ndani yake, na kanisa la Mtakatifu Yohana, la mwaka 1882, liko jirani.

Mwaka 1876 Askofu Steere aliondoka na kundi la watu walioachwa huru, wanaume kwa wanawake, ili awarudishe karibu na nchi walizochukuliwa. Walishukia Lindi, wakatembea kwenda bara. Walipofika Masasi, chini ya ile milima ya mawe, wakaona ardhi ni njema na maji yapo, wakakaa. Ndiyo maana Masasi ikawa nyumbani kwa watu ambao hawakuwa wa kabila moja. Kutoka kwa watu wa namna hiyo walipatikana walimu na wahudumu wa kanisa. Padri Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, alipewa upadri Zanzibar mwaka 1890, akafanya kazi kusini huko huko.

Nilimsomea mama habari hizo kutoka daftari langu, tumekaa kwenye kivuli ukutani mwa shule. Alisikiliza, akapapasa mawe, akasema, "Basi shangazi aliposema Masasi ni mahali, alisema kweli. Ni mahali tulipochagua." Kisha akamgeukia binti yetu. "Mjukuu wangu, mwambie huyo kijana wako mwenyewe. Usimtume mshenga."

Ushauri wa muuguzi

Kwa atakayesafiri na mzee au watoto, naomba ayazingatie haya:

1. Dawa za presha na kisukari ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linalopakiwa chini. Chukua za siku mbili zaidi.

2. Tembeeni saa mbili hadi saa tano asubuhi, na tena baada ya alasiri. Adhuhuri ni ya kulala.

3. Kunyweni maji ya chupa au yaliyochemshwa. Beba pakiti za dawa ya kuongeza maji mwilini, maana kuhara hakupigi hodi.

4. Mwenye kisukari asitembee peku ufukweni. Kuna matumbawe na miiba ya baharini, na kidonda cha mguu si jambo dogo.

5. Malaria imepungua sana Zanzibar, lakini haijaisha. Laleni ndani ya chandarua.

6. Vaeni mavazi ya kufunika mabega na magoti. Kanga mbili zinatosha kuondoa aibu yote. Salimia kabla ya kuuliza njia, na usimpige mtu picha bila idhini yake.

7. Mapapasi, wale vijana wanaong'ang'ania kuwaongoza wageni, wajibuni kwa upole na msisimame. Mkihitaji mwongozaji, mwulizeni mwenye nyumba yenu.

Tulivyorudi

Tulirudi nyumbani Jumapili jioni. Nilimpima mama asubuhi yake, presha ilikuwa 150 kwa 90. Sitasema ni safari iliyoishusha, kwa sababu pia alikuwa amekunywa dawa zake kwa wakati siku zote tatu, chini ya macho yangu. Lakini alikuwa amelala usiku kucha, jambo ambalo hakulifanya tangu siku ya washenga.

Binti yetu alimweleza mchumba wake yote, bila kupunguza. Kijana alisikiliza, akauliza swali moja tu, kama siku moja tunaweza kumpeleka naye Mkunazini. Shangazi yake bado hajakanyaga kwetu. Hatumlaumu. Naye alifundishwa aibu ile ile aliyofundishwa mama mkwe, ila yeye alikuwa upande wa pili wa ukuta.

Akina mama wenzangu, labda nyumbani kwenu hakuna habari ya utumwa. Lakini katika kila ukoo kuna jambo ambalo wazee wameambiwa walishike wasiliseme. Mkipanga kuona mji wa kale, iwe Zanzibar, Bagamoyo, Kilwa au Mombasa, msiende kupiga picha tu. Mchukueni mzee mmoja. Mpangieni chumba cha chini, mwendeeni polepole, mpeni nafasi ya kukaa kivulini. Kisha mwulizeni, na mnyamaze mpaka amalize.

Safari njema, na Mungu awatangulie.